Mikorosho ya Alama Nyeupe

Kura ilipigwa kwenye sufuria ya ugali, uani kwa Getrude, kule Chiwata, na mkono ulioingia ndani ya sufuria ulikuwa mkono wa Getrude mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Binti alimwomba, naye akaufuta mkono kwenye kanga akautumbukiza.

Binti mwenyewe ni Loyce, mtoto wa Karagwe, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeletwa huku kusini na utafiti wake wa mikorosho. Alikuwa amekata vipande vya karatasi, kila kipande na namba ya mti, akavikunja na kuvitia kwenye sufuria. Karatasi ya kwanza kutoka, mti wake unapakwa rangi nyekundu. Ya pili, bluu. Ya tatu, nyeupe. Halafu wanaanza upya, hivyo hivyo, mpaka sufuria ibaki tupu.

"Na tungechagua tu?" aliuliza Getrude. "Mimi nawajua hawa wote. Huyu mbishi, huyu anazaa, huyu wa kuni."

"Tukichagua, Mama, mkono utapendelea. Hata wangu. Dawa yangu nitaitafutia miti yenye afya na nisijijue. Kura haina mjomba."

Getrude alicheka, akaendelea kuchomoa.

Wenye alama nyekundu ungepuliziwa salfa, ule unga wa njano ambao kila mkulima wa korosho anaujua, unaowasha macho mpaka mtu analia kama yuko msibani. Wenye alama ya bluu ungepata unga wa Loyce, alioutengeneza chuoni kwa majani ya miti, usiowasha jicho la mtu. Na wenye alama nyeupe usingepata kitu.

"Hata majivu?"

"Hata majivu. Wote tukiwapa dawa, tutajuaje kama kilichowaponya ni dawa, au mwaka tu ulikuwa mzuri? Lazima wawepo wa kulinganishia."

Getrude aliitikia. Alielewa, na jambo hili liwe wazi tangu mwanzo, maana baadaye watu walisema mama yule hakusoma, ndiyo maana. Alielewa vizuri kabisa. Kilichomshinda hakikuwa kuelewa.

Karatasi moja aliyoichomoa ilikuwa na namba ya mkorosho wa pale nyuma ya jiko. Ikaangukia nyeupe. Getrude aliitazama kidogo, akamkabidhi Loyce. Chini ya mkorosho ule ndipo kilipozikwa kitovu cha Dina.

Dina alikuwa mwanawe, wa pekee. Alikuwa anasomea ualimu Masasi mjini, akarudi nyumbani na homa ya kawaida tu, hivyo walivyodhani, akapelekwa hospitali akiwa anaongea na akarudishwa kafunikwa shuka. Miaka imepita. Watu bado wanamwita Getrude Mama Dina, sokoni, kanisani, kisimani, wangemwitaje tena?

Mwaka ule wa msiba Getrude hakupulizia. Maua yalitoka, ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyafunika maua kwa ungaunga mweupe kama wa muhogo, kisha yakawa meusi na kudondoka. Shamba lote likawa jeusi. Na huku kwa watu wa korosho, shamba jeusi halihitaji maelezo: mwenyewe ama ni mlevi, ama yuko kitandani, ama amefiwa. Watu wasiomjua walikuwa wakipita barabarani, wakitazama miti, wanavua kofia na kusema, "Poleni hapo."

Loyce alipokuja mara ya kwanza alitaka kupanga Newala, kwa sababu huko kuna maofisi. Alikaa huko kidogo, akachoka kuoga kwa kopo na kununua maji ya ndoo, akaona bora akae karibu na miti yake. Getrude akampa chumba cha Dina. Kilikuwa kimefungwa muda mrefu mpaka bawaba zikapiga kelele kama paka.

Siku za mwanzo alikuwa na adabu za mgeni. Shikamoo Mama Dina, asante Mama Dina, naenda shamba Mama Dina. Halafu Getrude akampikia ming'oko.

"Hii mizizi mnaichimba porini, halafu mnaiita chakula?"

"Nyinyi mnaochemsha ndizi mbichi mna mdomo wa kucheka watu?"

Loyce alikula akamaliza, akasukuma sahani mbele. "Mama, niongezee."

Hakutaja Dina, alisema Mama tu. Getrude alikuwa ameshika upawa, akabaki ameushika hewani kama mtu aliyesahau alichokuwa akikifanya. Tangu siku ile ikawa Mama, asubuhi na jioni, na Getrude akaanza kuamka mapema kuliko zamani, akifagia chini ya mikorosho huku akiimba nyimbo za kwaya ambazo alikuwa ameziacha.

Mikorosho ikatoa maua. Na ubwiriunga ukaja, kama unavyokuja kila mwaka. Ile miti ya nyekundu ilikuwa safi. Ya bluu nayo, mwanzoni, ilikuwa inapigana. Loyce alikuwa akiyashika shika yale mashada ya maua kwa vidole na kutabasamu peke yake. Nyeupe ikaanza kuugua, na wa kwanza kuugua ukawa ule wa nyuma ya jiko.

Jafari, jirani wa upande wa chini, mzee wa maneno, alisimama mpakani akashika kiuno.

"Mama Dina, hii mingine umeipa talaka?"

"Ni ya utafiti, Jafari."

"Utafiti wa kutafuta njaa?"

"Nenda zako, mzee. Wewe hata mbuzi wako anakutoroka."

Walicheka wote wawili. Lakini Getrude aliporudi jikoni kuchochea moto, aliuona mkorosho wa Dina mlangoni kabisa, shada moja limeanza kuwa jeusi. Aliijua rangi ile. Alikwisha kuishi ndani yake mwaka mzima.

Tena Loyce alikuwa amesema kwamba Dakta Humphrey, msimamizi wake, angekuja na wenzake kutazama shamba. Wageni wangeketi wapi? Kivuli cha uani ni cha mti huohuo. Wangenyanyua macho na kuona weusi, na kila mmoja angesema moyoni, poleni hapo. Mwanawe huyu wa pili angeonekana amepanga kwenye nyumba ya matanga.

Loyce akasafiri kwenda chuoni kwa muda. Asubuhi iliyofuata Getrude alimwita mdogo wake, Bonifasi, ambaye kazi yake ni kupulizia mashamba ya watu. Alikuja na bomba lake mgongoni, kitambaa puani, umande haujakauka.

"Dada, huu si tuliambiwa hauguswi?"

"Huu ni wa Dina."

"Najua ni wa Dina. Nauliza hiyo alama."

"Puliza, Boni."

Bonifasi aliwasha bomba. Unga wa njano ukapanda juu ya majani, ukakaa kwenye umande. Getrude alikohoa akafurahi. Kisha akageuka na kuiona ile mingine ya alama nyeupe imesimama kwenye mistari yake, akaona kama watoto waliokaa kimya wakimtazama mwenzao analishwa.

"Na ile."

"Dada."

"Na ile, na ile kule. Usiniache na aibu nusu."

Bonifasi akaipulizia yote. Na kwa kuwa salfa haifanyi kazi kwa kupuliziwa mara moja, alirudi tena kabla Loyce hajarudi. Mtu anayejua kazi yake hafanyi kazi mbovu hata akikatazwa.

Loyce alirudi na kitenge cha zawadi. Alikwenda shambani kabla hata ya kunywa maji. Akapitisha kidole kwenye jani la mti wa alama nyeupe, akakitazama kidole.

"Mama, kuna mtu amepulizia huku?"

Getrude alikuwa na kitenge kipya begani. "Upepo huo. Wa kwa Jafari."

Neno lilitoka kirahisi hivyo. Wala hakulipanga.

Loyce akaenda kwa Jafari, kwa heshima, akapiga goti kidogo kumwamkia, akamwomba awe anapulizia alfajiri, upepo ukiwa umelala. Jafari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Binti, upepo nao nimeandikisha kwa jina langu?"

"Siyo hivyo, babu. Naomba tu."

"Mimi napulizia jogoo akiwa bado anafikiria. Miaka yote. Muulize huyo mama yako."

Akarudi. Getrude alikuwa anachambua mbaazi. Loyce aliketi karibu naye, akachukua mbaazi kiganjani akasaidia.

"Mama, nakuuliza tena, nisije nikamkosea mzee wa watu. Una hakika?"

"Nimeshakwambia, mwanangu."

Loyce akaandika kwamba huenda vumbi kidogo limeruka mpakani, akaendelea na kazi. Jafari akaacha kumsalimia. Alipita mpakani akitazama mbele kama askari, na Getrude alipomtania hakujibu. Getrude akajiambia, si yatapita? Maua yakishika, korosho ikijaa, nani atauliza tena?

Dakta Humphrey hakuja. Alitingwa na kazi Newala, akasema Loyce ndiye amfuate huko na majibu yake. Kwa hiyo hata wale wageni waliofanya miti ipuliziwe, hawakukaa chini ya kivuli kile.

Loyce alizunguka mti hadi mti, akitazama mashada na kuandika. Alipomaliza akarudia upya, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko alioutazama tayari. Jioni Getrude alimkuta amekaa kwenye gogo, kando ya simtanki, uso umevimba.

"Unalia nini na maua yamejaa hivi?"

"Ndiyo nalia hayo, Mama. Nyeupe imejaa. Nyeupe ambayo haikupata kitu! Inaishinda bluu. Inaishinda dawa yangu." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Dawa yangu haifai. Ni majani tu nimesaga. Pengine inaiumiza hata miti. Kesho namfuata Dakta Humphrey, namwambia tuache."

Getrude alisimama pale. Siku zote alidhani mti mzima ni furaha kwa kila mtu. Hakuwahi kufikiri kwamba afya ya mti mmoja inaweza kuusingizia mwingine. Sasa aliona: salfa yake imesimama barabarani, inamnyooshea kidole binti wa watu, inasema mwongo huyu.

Alifungua mdomo. Na wakati huohuo Loyce akaegemea, akaweka kichwa kwenye mapaja yake, kama alivyokuwa akifanya Dina akiumwa na jino, akasema, "Mama," basi, bila neno jingine.

Getrude akafunga mdomo. Akamshika nywele. Walikaa hivyo mpaka ndege wakanyamaza.

Asubuhi Loyce aliondoka na gari la Newala. Getrude alifagia uwanja. Akafagia tena palipofagiwa. Halafu akaweka ming'oko kwenye kikapu, akafunga mlango, akaenda barabarani kusimamisha lori lililobeba saruji kwenda huko huko.

Newala aliikuta na ndoo zake zimepangwa foleni kwenye bomba la maji, wenye ndoo wamekaa vivulini. Akauliza ofisi, akaelekezwa. Dakta Humphrey, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa barazani na Loyce, karatasi mezani zimewekewa mawe zisipeperuke. Loyce aliinuka.

"Mama! Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani salama." Getrude hakuketi. Alikishika kikapu kwa mikono miwili. "Dakta, shikamoo. Kabla hamjaandika. Hiyo nyeupe nimeipulizia mimi."

Dakta Humphrey alimtazama Loyce, akamtazama mama. "Umeipulizia nini?"

"Salfa."

"Mti gani?"

"Yote. Mara mbili, mtoto akiwa chuoni. Mdogo wangu alishika bomba, lakini msimtaje, ni mimi. Jafari hana kosa. Na dawa ya mtoto haina kosa."

Loyce aliketi taratibu. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Kwa nini?" aliuliza Dakta, wala hakuuliza kwa ukali.

Getrude alijaribu. Alisema habari ya mti wa jikoni, kitovu, weusi, watu wanaopita na kuvua kofia. Maneno yalitoka vipande vipande, mengine kwa Kimakonde. Dakta Humphrey aliinamisha kichwa muda wote.

"Basi dawa yako haijashindwa, Loyce," alisema mwishowe. "Haijapimwa. Hilo shamba tunaliondoa."

"Na mwakani?" Getrude aliuliza. "Mwakani nitalinda. Nitalala hapo hapo kwenye mistari."

"Mwakani tutatafuta shamba lingine, mama. Si kwa ubaya. Atakayesoma kazi yake lazima aamini kila mti. Akisikia habari hii, hataamini hata mmoja."

Kikapu kilikuwa kizito. Getrude alikitua chini. Ndipo Loyce akasema, akiwa anazitazama karatasi.

"Ningekuuliza mara ya pili, ungeniambia?"

"Ningekwambia, mwanangu. Haki ya Mungu, ningekwambia."

"Nilikuuliza mara ya pili. Tulikuwa tunachambua mbaazi."

Huko nje wenye ndoo walianza kugombana, maji yalikuwa yamekatika.

Loyce alirudi Chiwata kuchukua vitu vyake tu. Kwanza alikwenda kwa Jafari kumwomba radhi, na Getrude akafuata nyuma akasema kosa lake kwa kinywa chake. Jafari, mzee wa maneno, alimwambia binti neno moja tu, "Yamekwisha," akaingia ndani.

Chumba kikafagiwa. Kitanda kikatandikwa vizuri kuliko siku zote. Getrude alibeba begi moja mpaka barabarani ingawa Loyce alisema lisibebwe. Gari lilipopunguza mwendo, binti alipiga goti kidogo, vilevile alivyompigia Jafari.

"Asante kwa yote, Mama Dina. Kaa salama."

Getrude aliitikia. Gari likaondoka. Alibaki amesimama kando ya barabara akirudia lile jina lake kimoyomoyo, jina ambalo kijiji kizima humwita na halijawahi kumuuma.

Korosho za mwaka ule zilikuwa nyingi. Nyeupe ilizaa kuliko miti yote.

Krismasi Loyce alimpigia simu, sauti ikikatika, akauliza afya na mvua. Getrude alijiandaa kumwambia kwamba chumba kiko wazi, lakini mazungumzo yakaisha kwa adabu kabla hajafika hapo. Baadaye namba ile ikawa haipatikani.

Msimu ukaja tena. Bonifasi alirudi kutoka kupulizia mashamba ya Lukuledi, akatua bomba uani, akasita kabla ya kusema.

"Dada, nimemuona binti yako."

"Wapi?"

"Hapo Lukuledi. Kapata shamba, miti imepakwa rangi kama ile yetu. Dawa yake wanaisifia, bluu yote safi. Kakonda kidogo lakini anacheka."

"Anakaa kwa nani?"

"Kwa mama mmoja, jirani na misheni."

"Anamwitaje?"

"Nani?"

"Loyce. Huyo mama, anamwitaje?"

Bonifasi alikuna shingo. "Sikusikia, dada."

Kesho yake Getrude alichanganya chokaa kwenye kopo, akatafuta brashi, akaenda mti hadi mti. Alama za zamani zilikuwa zimefifia, jua limezila. Alizipaka upya zile nyeupe. Nyekundu na bluu hakuzigusa. Alianza na mkorosho wa nyuma ya jiko na akamalizia na wa mbali kabisa, na Bonifasi alipokuja na bomba alimwonyesha pa kupulizia na pa kuacha.

"Hata huu wa Dina?"

"Huo una alama."

"Dada, hakuna anayekuja kupima."

"Puliza hiyo mingine, Boni."

Ubwiriunga ukaja. Mashada yakawa meupe, yakawa kijivu, yakawa meusi. Getrude alipikia pale mlangoni kila siku, maua yakimdondokea kwenye mabega na kwenye sufuria. Aliyatoa kwa kijiko, akaendelea kupika. Hakuna gari lililosimama. Wapita njia walianza kutazama ile mistari na kupunguza mwendo.

Siku moja Jafari akaja mpakani, safari hii hakushika kiuno. Alikuwa amevua kofia.

"Mama Dina. Tunaishi jirani, na mimi sijasikia kilio. Umefiwa na nani?"

Getrude alikuwa ameinama anafagia maua meusi chini ya mti wa jiko. Aliufagia uchafu mpaka ukawa fungu dogo.

"Hajafa mtu, Jafari," alisema. "Yuko Lukuledi."